Kumkalisha Bibi Kabla ya Hija

Daktari alisema la. Aliufungua ule mkanda wa kupimia mkononi mwa bibi yangu, akauviringa polepole, akasema presha iko juu mno na yeye hawezi kumruhusu mtu wa umri ule aende Makka na damu inayosukuma namna ile. Bibi akashusha mkono wa gauni, akasema, "Alhamdulillahi," akainuka kabla hajaambiwa ainuke. Tulipofika nje ya lango la hospitali mimi nilikuwa nakimbia kumfuata.

Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini, na sisi tulikaa Malindi, mtaa wa Shela, wanawake watatu katika nyumba moja: bibi, mama yangu na mimi. Nilikuwa nimeachia shule kidato cha pili, sina kazi ya kutajika ila kumsaidia mama kukaanga mahamri asubuhi na kuota ndoto mchana kutwa. Niliziota nimesimama, upawa mkononi, mpaka mama asikie harufu ya kuungua. Kila ndege iliyoleta watalii ikipita juu ya paa letu kwenda kutua, mimi nilikuwa ndani yake. Leo ni nesi ninayekwenda kusomea ng'ambo, kesho ni mke wa rubani, keshokutwa ni rubani mwenyewe, na rubani huyo hajaolewa.

Lakini mwaka ule ndoto kubwa haikuwa yangu. Mjomba, mwana pekee wa kiume wa bibi, alifanya kazi bandarini Mombasa, na alikuwa ametia nia ya kumpeleka mama yake Hija. Bibi alikuwa ameingoja safari hiyo tangu mimi sijazaliwa. Mjomba naye ni mtu wa hadhari, hanunui hata papai bila kuligonga, akasema lazima daktari amwone kwanza na daktari akubali. Sasa daktari amekataa.

Mjomba alikuja mwisho wa wiki, akaketi ukumbini na kofia yake magotini, akazunguka na maneno mpaka yakamwishia. Kisha akasema pengine wangoje, mwaka ujao inshallah.

"Mwaka ujao una mwenyewe," bibi akamwambia. "Mimi nina huu."

Hakusema kwa hasira. Aliyasema hayo huku anapangusa kioo cha taa kisichokuwa na vumbi.  Baadaye mjomba alikwenda mwenyewe kwa daktari, akarudi na jibu la nusu: bibi arudi baada ya wiki chache, ameze vidonge vyake bila kuruka, atembee kidogo ili mwili uzoee, na presha ikionekana imeshuka watazungumza. Isiposhuka, mjomba ataondoka peke yake.

Basi kuanzia siku hiyo nyumba yetu haikutulia, na si kwamba ilikuwa tulivu zamani. Bibi alikuwa hakai. Sijui niseme vipi mtu aelewe. Akipata nafasi ya kuketi, hutafuta mchele wa kuchagua. Mchele ukishachaguliwa, huuchagua tena. Akila, hula amechuchumaa kama anayetaka kuondoka. Mama alikuwa akisema bibi alimzaa yeye kati ya kufua na kuanika. Sasa juu ya mwendo wake wa kawaida ukaongezeka wasiwasi, na wasiwasi wa bibi ulikwenda kwenye masufuria. Aliyasugua mpaka yale ya zamani yakatoboka.

Mimi nikaona nafasi yangu imefika. Shuleni mwalimu wa michezo alituambia moyo ni nyama, ukiufanyisha kazi unapata nguvu. Nikamweleza bibi kwamba kule Makka watu wanatembea sana, basi na tuanze mazoezi hapa hapa. Nilipendekeza azunguke kisima cha uwani. 

"Nimenuia kuzunguka nyumba ya Mungu," akasema, "wewe unanipa kisima."

Tukakubaliana kutembea nje baada ya sala ya alfajiri, wakati wanaume wako misikitini bado wanasikiliza darsa na vichochoro ni vyetu. Mwanamke wa nyumba kama yetu hakuwa akitoka bila shughuli. Ukionekana unatembea tu, watu watauliza nani amekufa. Kwa hiyo bibi alibeba kikapu kitupu ili tuwe na sababu. Tulishuka mpaka ufukweni, tukafuata mchanga mgumu ulioachwa na maji, tukarudi kwa upande wa pili wa mtaa.

Nilidhani nitamwongoza. Bibi alikwenda kama aliyeitwa kuzima moto. Buibui lake lilikuwa mbele yangu likipepea, na mimi, msichana mwenye miguu miwili mizima, nilikuwa nashika mbavu. Nilimwomba apunguze. Alisema mwendo wa kupunguza hajafunzwa. Na akifika mlangoni anasimama papo hapo, wima, kufungua kufuli, kama saa iliyosimama ghafula.

Asubuhi moja alisimama hivyo na ufunguo haukuingia. Nikaona mkono unatafuta ukuta. Macho yake yalikuwa yananitazama lakini hayakuniona. Akasema kwa sauti ndogo kwamba dunia inamzunguka. Nilimkamata kiunoni, nikamwita mama kwa kelele zilizowaamsha majirani wote, tukamlaza barazani pale pale, mama akamwinulia miguu juu ya kikapu na kumnywesha maji. Baada ya muda mfupi rangi ilimrudia. Akataka kujua nani amekiacha kikapu kikakanyagwa.

Lakini mimi nilikuwa nimekwisha. Nilimshika kifundo cha mkono kama nilivyoona wanavyofanya hospitali, nikabana, nikasikiliza. Mshipa ulikuwa unakimbia kama cherehani ya fundi siku ya kuamkia Idi. Nikamwambia mama moyo wa bibi unakwenda mbio mno. Mama akajifuta machozi kwa pembe ya leso na kusema tusimwambie mjomba.

Tangu hapo sikumwacha. Nilimpima akichambua mchicha, nilimpima akisuka ukili wa mkeka, nilimpima akiwa anazungumza na jirani, mpaka akanipiga kofi la mkono kama anayefukuza nzi. Na kila nilipompima, mshipa ulikuwa unakimbia. Nikiogopa, unakimbia zaidi. Nilianza kukosa usingizi. Mazoezi nikayakatisha. Niliwaza kwamba nimemuua bibi yangu kwa maneno ya mwalimu wa michezo, na bado yeye alikuwa akiinuka alfajiri, anasali, anafagia, ananiuliza mbona nimekonda.

Wakati mmoja tu nilimkuta ametulia. Kwa kuwa hatukutembea tena, akishasali alfajiri alibaki juu ya mswala na tasbihi mpaka kupambazuke vizuri, hajisogezi, bega halipandi wala halishuki. Siku moja nikanyemelea nikapeleka mkono wangu kwenye mkono wake. Aliurudisha mkono ndani ya leso bila kunitazama.

"Hii siyo saa yako," akasema, na akaendelea na uradi wake.

Siku ya kurudi hospitali ikafika. Bibi aliamka na furaha ya kubandika. Alikunywa kahawa chungu yenye tangawizi, kikombe baada ya kikombe, akasema inamtia nguvu za kumwonyesha daktari. Tukatoka.

Sasa hapa lazima nieleze jinsi mwanamke kama bibi alivyokuwa akitembea Malindi. Kutoka kwetu mpaka barabara ya hospitali kulikuwa na baraza tatu za wanaume. Wanakaa hapo na kahawa yao, na bao lao, na habari za mji mzima. Mwanamke akikaribia baraza huvuta buibui, huinamisha macho, huongeza mwendo, hutoa salamu kwa kando bila kusimama, na hapumui mpaka apinde kona. Hakuna aliyeandika sheria hiyo. Bibi alianza kupita hivyo tangu ni bi harusi mpya, na mwili wake ulikuwa ukifanya wenyewe. Na kwa vile baraza ya pili unaiona ukiwa bado hujaimaliza ya kwanza, hakukuwa na mahali pa kupunguza. Tulifika hospitali kama tuliotupwa.

Benchi la kungojea lilijaa, wanaume na wanawake wamebanana. Bibi hakukaa. Alisema hawezi kugusana bega na mume wa mtu. Akasimama karibu na nguzo, na bibi alimjua kila aliyeingia, na kila mmoja alimuuliza habari za mama yake, watoto wake, mguu wake, kisima chake. Alipoitwa jina alikuwa katikati ya habari za harusi ya Mambrui, akaimalizia huku anatembea.

Ndani tulimkuta nesi mgeni. Mwanamke wa bara, mpana, mwenye sauti ya taratibu, Kiswahili chake kimenyooka kama barabara ya lami. Alimwamkia bibi shikamoo, jambo lililompendeza bibi, akachukua ule mkanda kuufunga. Kisha akaona kifua cha bibi kinavyopanda na kushuka. Akauweka mkanda mezani.

"Mama, umetoka wapi mbio hivi?"

"Nyumbani kwangu."

"Nani anakufukuza?"

"Sisi hatufukuzwi," bibi akajibu, na nikajua amekasirika kwa jinsi alivyokaza kidevu.

Nikaingilia. Nilimweleza nesi mambo ya baraza tatu, na kahawa, na kusimama kwenye nguzo. Nilieleza nikiwa nimeinamisha kichwa, nikidhani atatudharau. Alicheka mpaka akashika meza, lakini kicheko chake hakikuwa na miiba, hata bibi akalegeza kidevu. Kisha akauliza kama siku ya kwanza tulikuja vivyo hivyo. Nikamwambia bibi hajui namna nyingine ya kuja.

Alimpima. Ilikuwa juu, juu karibu na ile ya kwanza. Zebaki ilipanda kwenye kioo chake na mimi nikaitazama kama mtu anayetazama nyoka akipanda ukuta. Nesi hakushtuka. Akasema mtu akitoka kutembea moyo wake bado unasukuma, na damu bado ina nguvu za safari. Kwa kijana inatulia upesi. Kwa mtu mzima inachukua muda. Akamuuliza bibi kama anapika kwa chungu au kwa sufuria. Bibi akasema wali kwa sufuria, mchuzi wa samaki kwa chungu.

"Sufuria ukiitoa motoni inanyamaza mara moja," nesi akasema. "Chungu je?"

"Chungu kinaendelea kutokota chini, peke yake."

"Basi wewe ni chungu, mama. Mimi nakupima bado unatokota."

Alimpeleka chumba cha kufungia vidonda, ambacho kilikuwa kitupu, akamweka kwenye kiti chenye mgongo, nyayo zote mbili sakafuni, mkono juu ya meza usawa wa moyo, buibui limefunguliwa, mkono wa gauni umekunjwa juu kabisa badala ya kufungiwa mkanda juu ya nguo. Akamwambia akae kimya. Bibi akakaa kimya mpaka aliposikia sauti ya mwanamke wa Matsangoni anayemjua, huko nje, akaitikia kupitia ukutani. Alipopimwa tena ilikuwa imeshuka, lakini haijafika mahali pa kumfurahisha daktari.

Tulipokuwa tunangoja, nikamwambia nesi siri yangu: kizunguzungu cha mlangoni, na mshipa unaokimbia kama cherehani kila saa ya siku. Uso wake ukabadilika. Akaniambia nimwonyeshe ninavyopima. Nikaushika mkono wa bibi kwa uhodari.

"Hicho ni kidole gumba," akasema.

"Ndiyo, sista."

"Gumba lina mapigo yake lenyewe. Shika kwa hivi viwili vinavyofuata. Sasa sikiliza."

Nikasikiliza. Mshipa wa bibi ulikuwa unakwenda mwendo wa mtu anayetoka sokoni, haukuwa polepole lakini hakuna aliyemkimbiza. Nilirudisha gumba, cherehani ikarudi. Nikaondoa gumba, cherehani ikanyamaza. Siku zote zile nilikuwa nimejipima mwenyewe. Bibi aliyekuwa akinitazama muda wote akauliza moyo wa nani basi uliokuwa unakimbia nyumbani kwake. Nesi akamwambia ni wa mjukuu wake.  Bibi alinishika kichwa, akakivuta kwenye bega lake, na buibui lake lilikuwa na harufu ya udi na kahawa.

Kuhusu kizunguzungu, nesi alituambia hilo ni jambo jingine na lisichezewe. Mtu mzima akitembea kwa nguvu kisha akasimama ghafula, damu inabaki miguuni, na baada ya mwendo presha hushuka kwa muda, pengine chini kuliko ilivyokuwa kabla. Kwa anayekunywa vidonge vya presha, ndiyo zaidi. Kwa hiyo apunguze mwendo kabla ya kufika, asikate ghafula, aketi, anywe maji. Kichwa kikiwa chepesi akae hapo hapo alipo, asijali ni wapi. Akihisi kifua kinabana asingoje kesho, aje.

"Mara iko juu, mara imeshuka," bibi akasema. "Damu yangu haina adabu."

"Ina adabu, mama. Inafuata miguu yako. Miguu ndiyo haina."

Daktari alipoingia, nesi alimweleza kwa maneno machache. Akasikiliza, akamtazama bibi juu ya miwani. Alisema atampima mwenyewe wiki ijayo, baada ya kukaa kimya robo saa nzima. Ikiwa hata hapo iko kule juu, basi neno lake la kwanza ndilo neno, na tusimlaumu. Baada ya hapo hakuna nafasi nyingine, maana mjomba alikuwa anakaribia kuondoka.

Robo saa. Mtu mwingine angeona hilo ni jambo dogo. Tulipofika nyumbani tukamweleza mama, tukatazamana mimi naye kama watu walioambiwa waihamishe bahari.

Mama alitoa kiti cha ukumbini, kile cha wageni, akakiweka karibu na dirisha. Asubuhi tulitembea tena, mimi na bibi, lakini safari hii nilimshika mkono na nikawa mzigo kwa makusudi, nikamvuta nyuma kama nanga. Tulipokaribia nyumbani tulikwenda hatua za kitoto, akalalamika ananuka uzee. Kisha kitini. Nikishika mkono wake kwa vidole viwili, na saa ya mjomba ya zamani mbele yangu, nilisikia kitu ambacho sijakisahau: moyo wa mtu unavyorudi nyumbani. Kwanza unagonga haraka, unakuja kama watu wengi mlangoni. Halafu wanapungua. Halafu anabaki mmoja anayebisha kwa adabu. Siku ya kwanza ilichukua muda mrefu, na mimi nilikuwa natafuna pembe ya leso yangu. Siku zilivyosogea muda ukafupika kidogo. Nilimwambia mama, mama akasema nisihesabu vifaranga, nihesabu mapigo.

Shida ilikuwa mdomo na macho. Bibi aliona utando kwenye boriti, akataka ufagio. Alisikia muuza samaki, akataka kujua ana changu au tafi. Akikatazwa kusema alisema kwa nyusi. Majirani waliposikia wakaja kutazama, wakakaa mkekani wakimcheka: bibi ametawishwa, bibi ni mwari, tumletee singo ya kumsugua. Mmoja akaanza kumwimbia vijembe vya harusi. Mama akawafukuza wote kwa mwiko. Bibi akacheka mpaka machozi, na robo saa ile ikaharibika, tukaanza upya.

Siku yenyewe hakupewa kahawa. Tulitoka mapema ili tusiwe na haraka. Nilikuwa na hofu ya baraza kuliko ya daktari. Tulipoikaribia ya kwanza nikahisi mkono wake umekaza ndani ya mkono wangu, miguu inataka kuchomoka. Nikambana. Tukapita taratibu, yeye ameinamisha macho lakini hatua zake zinahesabika, na nilisikia kete za bao zimenyamaza. Hawakuwahi kumwona akipita kwa muda mrefu hivyo. Kwenye ya pili mzee mmoja, rafiki wa marehemu babu, akauliza kwa upole kama mama anaumwa mguu.

"Mguu mzima," bibi akajibu, na hakuongeza mwendo. "Leo natembeza moyo."

Wazee wakacheka, si kwa dharau. Yule mzee akasema, "Mungu akuwafikishe, mama, na utuombee huko." Kumbe mji wote ulijua. Mkono wa bibi ulilegea, na baraza ya tatu tukaipita kama watu wanaokwenda kununua chumvi.

Nesi alimweka kwenye kile chumba cha vidonda. Akafunga dirisha ili asisikie sauti za watu anaowajua. Mimi nikasimama pembeni, nikaketi, nikasimama, nikatazama saa, nikamtazama bibi, nikatazama saa. Mwishowe nesi akanifungulia mlango.

"Toka nje, mwanangu. Unampandisha presha."

Nikatoka. Nilikwenda mpaka langoni nikarudi. Nilihesabu nguzo za varanda, nikazisahau, nikazihesabu tena. Alikuwepo mwanamume wa Magarini na kuku wawili ndani ya tenga, akaniuliza kama nimepotelewa na kitu. Nikamwambia hapana, ni bibi yangu ameketi. Akanitazama, akasogeza tenga lake mbali kidogo. Nilimwona daktari akiingia mle ndani na mashine yake. Mlango ukafungwa. Nilijishika mkono kwa vidole viwili, sawasawa kama nilivyofunzwa, na nikasikia jinsi ninavyogonga, na nikajiambia hawa wanaobisha ni wangu, hawa ni wangu tu, wa bibi ni wengine.

Mlango ulipofunguliwa, bibi hakutoka mbio. Alitoka nyuma ya daktari, anafunga buibui lake, na uso wake haukusema chochote, maana alikuwa ameamriwa kunyamaza na hakuna aliyemwambia amri imekwisha.

Daktari akaniambia mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa karibu. Alisema si presha ya msichana. Bado iko juu ya anapopapenda yeye, na vidonge haviachwi hata siku moja. Lakini imeshuka vya kutosha, na hii ndiyo presha yake ya kweli, zile nyingine zilikuwa za njiani. Anaweza kwenda. Atembee kwa mwendo wake, apumzike kabla hajachoka, asiingie kwenye umati jua likiwa kichwani, anywe maji, na awe na mtu wa kumtazama wakati wote. Bibi alisikiliza yote. Kisha akamuuliza nesi kama sasa anaweza kusema. Nesi akasema ndiyo.  Bibi alifunika uso kwa upande wa buibui akasimama hivyo, na nesi, yule mwanamke wa bara asiyekuwa wa dini yetu, akamshika mgongo kama mama yake.

Mjomba alikuja kumchukua siku chache baadaye. Usiku wa kuamkia safari nilimfunza kupima mapigo, akaanza na gumba kama mimi, akashtuka kama mimi. Asubuhi wakaondoka, na bibi kabla hajapanda gari alizunguka nyumba nzima akifunga vifuniko vya mitungi. Baada ya hapo nyumba ikawa kubwa. Mama alichagua mchele uliokwisha kuchaguliwa. Mimi nilitembea ufukweni alfajiri peke yangu na kikapu kitupu, na ndege zikipita juu sikuwa ndani ya hata moja. Nilikuwa huko mbele, kwenye umati, natafuta buibui moja kati ya nguo nyeupe.

Siku moja kijana wa duka la jirani, lenye simu, alikuja anahema akasema kuna simu ya mbali, tuwahi. Nilifika kabla ya mama. Sauti ya mjomba ilikuwa kama inatoka ndani ya mtungi, akisema wako salama, sema upesi, huyu hapa. Kisha kelele za watu, kisha bibi.

"Bibi, umepumzika? Unapumzika?"

"Nimekaa chini," akasema. "Mguu unataka kwenda, nikaukataza. Watu wananipita, wengine wazee kuliko mimi. Nikawaacha wapite."

"Na kizunguzungu?"

"Kilikuja. Kikanikuta nimeketi, kikaondoka."

Nikataka kumwambia neno, sijui lipi, na laini ikakatika. Nilibaki na ile simu sikioni, nasikia mvumo wake. Mama akafika, leso imemwanguka begani, akanishika mkono. Nikamwambia mzima, anapumzika, anakaa chini akichoka. Mama akauliza kama ameshamaliza kuzunguka Kaaba. Nikamtazama. Sikuwa nimeuliza.